Kinyesi chenye tabasamu: Katuni zilizowakera wazazi wa Japani

Ndani ya simu ya kila mzazi anayesoma ukurasa huu kuna kinyesi. Kimekaa kwenye kibodi pamoja na mioyo, maua na mikono ya kuomba dua. Kimeviringwa kama aiskrimu, kina macho mawili makubwa na tabasamu la bashasha. Watoto hukigundua kabla hawajajua kusoma. Mwachie mtoto wa miaka mitano simu kwa dakika mbili, shangazi yake atapokea vinyesi thelathini mfululizo na mama mtu atabaki kuomba radhi.

Kinyesi hicho ni Mjapani. Mwaka 1997 kampuni ya J-Phone ya Japani ilitoa simu yenye picha ndogo 90 za kutumiana, na kinyesi kilikuwa mojawapo. Mwaka 2010 kikaingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya alama zinazofuatwa na watengenezaji wote wa simu, ndiyo maana leo kipo Tandika na kipo Toronto. Lakini umbo lile la kuviringwa lilikuwa limezoeleka Japani miaka mingi kabla ya simu za mkononi. Watoto wa huko walilijua kutoka kwenye vitabu vya katuni, manga, na hasa manga za kuchekesha za miaka ya 1970 na 1980.

Vitabu hivyo viliwatia wazazi kichaa. Ushuzi, kinyesi, makalio wazi, kamasi, sehemu za siri zinazoning'inia ovyo: yote yalichorwa makubwa, kwa furaha, kwenye majarida ya bei nafuu ambayo mtoto aliyanunua kwa fedha yake ya mfukoni akitoka shule. Ugomvi kati ya wazazi na wachoraji uliendelea kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzazi wa leo anayemsikia mwanawe akicheka peke yake chumbani na simu anaweza kujifunza mengi humo, kwa sababu wazazi wale walikuwa na haki katika jambo moja na walikosea katika lingine, na mara nyingi hawakuyatenganisha.

Kwanza ieleweke kwamba Wajapani hawakuanza utani huu na katuni. Katika enzi za Edo, zilizokwisha mwaka 1868, wachoraji wao walitengeneza mikunjo mirefu ya picha inayoonyesha vita vya ushuzi: wanaume wazima wameinama, wanarushiana upepo unaopeperusha watu, farasi na vitu. Mkunjo mmoja wa namna hiyo umehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo. Na katika mji huo huo, enzi hizo, kinyesi kilikuwa mali. Wakulima wa pembezoni waliingia mjini kukinunua kwa ajili ya mashamba yao, na wenye nyumba za kupangisha walihesabu mauzo hayo kama sehemu ya mapato. Watu wanaouziana kitu hawawezi kujifanya hawakijui.

Waswahili nao wasijifanye wageni. Mzee mwenye heshima zake, kanzu safi na kofia ya vito, atakaa barazani atamke mbele ya wajukuu kwamba nyani haoni kundule, na hakuna atakayemwambia ameropoka. Watoto watacheka hadi walale chini. Watakuwa pia wameelewa somo.

Turudi Tokyo. Mwaka 1968 lilianzishwa jarida la watoto wa kiume liitwalo Shonen Jump. Lilikuwa changa, lilikuwa na wapinzani wakubwa, na lilihitaji kitu cha kuwavuta wasomaji. Mwaka huo huo kijana Go Nagai akaanza kuchora humo hadithi ya Harenchi Gakuen, yaani Shule Isiyo na Haya. Walimu katika hadithi hiyo ni wendawazimu, wanafunzi hawasomi, na mchezo mkubwa wa wavulana ni kufunua sketi za wasichana. Mauzo yalipanda. Shuleni nako, kwenye shule za kweli, wavulana wakaanza kuwafunua wasichana sketi.

Vyama vya wazazi na walimu vikaja juu. Kulikuwa na mikutano, malalamiko magazetini na wito wa kutonunua jarida. Nagai alijibu kwa kalamu, na jibu lake ni moja ya mambo ya ajabu katika historia ya katuni. Alimalizia sehemu ya kwanza ya hadithi kwa vita: watu wazima wanakusanya jeshi, wanaizingira ile shule na kuwaua wanafunzi, wakiwemo wahusika ambao watoto waliwapenda. Katuni ya kuchekesha ikaishia na maiti. Ujumbe kwa wazazi ulikuwa wazi, na ulikuwa mkali kupita kiasi.

Lakini hapa wazazi walikuwa na haki. Msichana aliyefunuliwa sketi mbele ya darasa hakuwa na sababu ya kucheka. Kicheko chote kilikuwa cha wavulana, na gharama yote ilikuwa yake. Mchoraji anaweza kuita hilo uhuru, ila uhuru huo ulilipiwa na mtoto wa watu ambaye huenda hata jarida lenyewe hakulisoma.

Kosa lilikuja pale hasira hiyo ilipomwagwa juu ya kila katuni chafu bila kuangalia inamcheka nani. Mwaka 1970 jarida hilo hilo lilianza kuchapisha Toilet Hakase, yaani Profesa wa Choo, ya mchoraji Kazuyoshi Torii. Jina linajieleza. Ni hadithi ya msomi ambaye fani yake ni haja kubwa, na genge la vijana wanaomzunguka, na iliendelea hadi mwaka 1977 ikajaza juzuu 30. Juzuu thelathini za choo! Vijana hao walikuwa na salamu yao, “Matanki!”, ambayo mtu mzima akiisikia haimwambii kitu. Ni neno la Kijapani la korodani lililogeuzwa silabi kutoka nyuma kwenda mbele. Yeyote aliyecheza kinyume utotoni, akageuza maneno ili wakubwa wasielewe, anaujua mchezo huo vizuri sana.

Upuuzi mtupu, ndiyo. Lakini katika Japani ya wakati ule choo hakikuwa jambo la kufikirika. Nchi ilikuwa inajenga treni ziendazo kasi na kupeleka magari yake Marekani, huku nyumba nyingi zikiwa bado na vyoo vya shimo na gari la kunyonya likipita mtaani na harufu yake. Mtoto alisimama juu ya giza lile kila siku akiogopa kutumbukia. Kicheko kilimsaidia kusimama.

Kisha akaja Arale.

Akira Toriyama, ambaye baadaye dunia nzima ingemjua kwa Dragon Ball, alianza kuchora Dr. Slump mwaka 1980 katika Shonen Jump. Alikusudia hadithi iwe ya mvumbuzi mmoja mzembe, Senbei Norimaki, anayeishi katika Kijiji cha Pengwini. Katika kisa cha kwanza Senbei anatengeneza roboti wa kike, Arale. Mhariri wa Toriyama, Kazuhiko Torishima, alisisitiza kwamba mhusika mkuu awe huyo msichana, na mchoraji akakubali shingo upande. Mhariri alikuwa na jicho. Hadithi iliendelea hadi mwaka 1984, ikatolewa juzuu 18, na kipindi chake cha televisheni kilichoanza mwaka 1981 kilifikia asilimia 36.9 ya watazamaji usiku mmoja wa Desemba mwaka huo.

Arale ana miwani mikubwa kwa sababu aliyemtengeneza alikosea macho. Ana nguvu za kupasua dunia vipande viwili kwa ngumi, jambo analolifanya mara kwa mara bila nia mbaya. Na anapenda kinyesi. Akikikuta njiani anachuchumaa, anaokota kijiti, anakichokoa kwa furaha ileile ambayo mtoto mwingine angekuwa nayo kwa kipepeo. Wakati mwingine anakibeba juu ya kijiti na kukimbia nacho akiwaonyesha watu. Katika kijiji kile kinyesi kina macho, kinaongea na kinasalimiwa. Toriyama alikichora cha waridi, laini, kisafi kiasi kwamba mtu anaweza kukiweka kwenye keki, na wapo waliofanya hivyo.

Cha kuangalia ni kwamba Arale ni mashine. Halishwi wali na samaki. Hunywa mafuta yake maalumu kutoka kwenye chupa ya mtoto. Kitu ambacho kila binadamu wa kijijini hukificha, yeye anakiona kwa mara ya kwanza na hana sababu ya kukionea haya. Hamwaibishi aliyekiacha. Wala haulizi ni cha nani. Watoto walioucheka ukurasa ule hawakuwa wakimcheka mtu yeyote.

Na aliyeshika kijiti ni msichana. Miaka kumi na miwili tu baada ya Shule Isiyo na Haya, ambamo wasichana walikuwa wa kufunuliwa, jarida lilelile lilikuwa na msichana anayekimbia mbele na wavulana wakimfuata nyuma. Dr. Slump nayo ina kasoro zake. Senbei ana tabia ya kumchungulia mwalimu wa Arale, na kurasa hizo hazijazeeka vizuri. Mzazi atakayempa mtoto kitabu hicho leo akutane nazo kwanza mwenyewe.

Suala hili la nani anachekwa si la vitabuni tu. Shule za msingi za Japani zina tatizo linalojulikana sana na walimu wa huko: watoto, hasa wavulana, wanaogopa kwenda haja kubwa shuleni. Sababu yake inatokana na ujenzi. Kwenye choo cha wavulana kuna sehemu ya kusimama kwa ajili ya haja ndogo, na kuna vyumba vyenye milango. Mvulana akiingia kwenye chumba chenye mlango, kila aliyepo anajua anakwenda kufanya nini. Akitoka, ameshapewa jina. Kwa hiyo wengi hubana tangu asubuhi hadi warudi nyumbani, tumbo linauma, choo kinakuwa kigumu, na siku inayofuata ni afadhali asile kabisa chakula cha mchana. Wapo wataalamu wanaopita shuleni kufundisha kwamba kwenda haja kubwa ni afya na si aibu.

Hapa mzazi wa Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto anayefika nyumbani saa kumi akalipita jiko, akampita mama bila salamu na kukimbilia chooni na begi mgongoni, huyo amebana siku nzima. Huenda mlango wa choo cha shule hauna komeo. Huenda kuna foleni. Huenda kuna mwenzake anayesimama nje akiwatangaza wanaoingia. Kumuuliza ni vigumu, maana ameshafundishwa nyumbani kwamba mambo hayo hayasemwi. Adabu ile ile nzuri aliyopewa imemfunga mdomo pale alipohitaji kusema.

Ndiyo maana baadhi ya Wajapani waliuchukua utani huu wakauvalisha sare ya shule. Mwaka 1977, mwaka uleule Profesa wa Choo alipostaafu, mwandishi wa vitabu vya watoto Taro Gomi alitoa kitabu cha picha kinachoonyesha kwa utulivu kabisa kwamba tembo anakunya, panya anakunya, baba anakunya na mtoto anakunya. Kimetafsiriwa nchi nyingi. Na mwaka 2017 kampuni ya Bunkyosha ilitoa madaftari ya mazoezi ya herufi za kanji kwa madarasa yote sita ya shule ya msingi. Herufi 1,006, kila moja na sentensi tatu za mfano, jumla 3,018, na katika kila sentensi, bila kuruka hata moja, limo neno la kitoto la kinyesi. Yaliuzwa kwa mamilioni. Watoto ambao kanji ziliwatoa machozi wakawa wanaomba kurasa zaidi, na walionunua walikuwa wazazi. Kizazi kilichonyang'anywa Shonen Jump na mama zao kilikuwa sasa dukani kikilipia kinyesi kwa hiari yake.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, kulikuwa na vita moja kubwa zaidi, na adui safari hii alikuwa na miaka mitano.

Crayon Shin-chan ya Yoshito Usui ilianza mwaka 1990, na ilianza katika jarida la watu wazima. Hilo husahaulika. Shinnosuke Nohara, mtoto wa chekechea anayeishi Kasukabe karibu na Tokyo, anashusha suruali na kucheza ngoma ya makalio mbele ya wageni. Anawatongoza wadada barabarani kwa kuwauliza kama wanapenda pilipili hoho. Anasema mbele ya jirani jambo lile hasa ambalo mama yake, Misae, amemwambia asiseme. Baba yake, Hiroshi, ni karani wa kawaida mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 32 mbele yake, na ana miguu inayonuka kiasi kwamba soksi zake ni silaha. Wasomaji wa kwanza walikuwa akina Hiroshi na Misae wa kweli, wakijicheka wenyewe ndani ya treni ya jioni.

Mwaka 1992 ikapelekwa kwenye televisheni, na watoto wakaiona. Utani haukubadilika sana. Waliobadilika ni waliokuwa wakicheka. Mzazi aliyemcheka Shinnosuke kwa sababu alimwona mwanawe ndani yake, sasa alikuwa na mwanawe sebuleni akimwona Shinnosuke kama mwalimu. Kwa miaka mingi kipindi hicho kilikuwa kwenye orodha ya vipindi ambavyo wazazi wa Japani, walipoulizwa na chama chao cha kitaifa, walisema hawataki watoto wao wavitazame. India ilikisimamisha mwaka 2008. Baadhi ya vituko, kama kushusha suruali, vilipunguzwa kadiri miaka ilivyokwenda.

Malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Mtoto wa miaka mitano anayewasumbua wanawake njiani anachekesha kwenye karatasi kwa sababu ni wa karatasi. Ila wale waliokizima kipindi mapema waliikosa filamu ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Keiichi Hara, na hiyo ilikuwa hasara.

Katika filamu hiyo kuna kundi la watu wasiopenda karne mpya. Wanatengeneza harufu ya zamani, harufu ya Japani ya miaka ya 1970, ya maonyesho makubwa ya Osaka na ya utoto, na kuisambaza hewani. Watu wazima wakiivuta wanageuka kuwa watoto. Wanaacha kazi na kupikia familia, wanachukuliwa kwa malori kwenda kucheza, na watoto wao wanabaki peke yao majumbani. Misae anakataa kuwa mama. Hiroshi hamjui mwanawe. Anakaa akilia kama mtoto anayetaka kupelekwa kuona maonyesho.

Shinnosuke anampata baba yake na hana dawa yoyote. Ana kiatu tu. Anakivua mguuni mwa Hiroshi na kumbandika puani.

Harufu ile ambayo watazamaji walikuwa wameicheka kwa miaka tisa inaanza kufanya kazi. Hiroshi anajiona akiwa mdogo, amebebwa nyuma ya baiskeli ya baba yake wakienda kuvua samaki. Anajiona kijana, ameachwa na mpenzi. Anafika Tokyo kutafuta maisha, anafokewa kazini, anatembea juani na begi la kazi, jasho linamtiririka. Anakutana na Misae. Mtoto anazaliwa. Anarudi usiku amechoka kwenye treni iliyojaa, anafungua mlango wa nyumba, wanampokea. Kisha ni yeye anayeendesha baiskeli na mtoto amekaa nyuma. Hakuna neno linalosemwa muda wote huo. Miguu ile imenuka kwa sababu imetembea, na kila hatua ilikuwa ya kwenda kutafuta cha kuwalisha walioko nyumbani.

Kiatu kinapotolewa puani, Hiroshi analia kilio cha mtu mzima. Mwanawe anamuuliza kama anamjua. Hiroshi anamkumbatia.